Kuchagua kamera za skana ya vitabu ya kujitengenezea

Kabla ya kuuliza kamera ipi nzuri, chukua rula upime ukurasa mkubwa kuliko yote utakaoupiga. Kipimo hicho ndicho kitakachokuambia unahitaji pikseli ngapi, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Tumejenga skana za mbao za kupigia picha kurasa za vitabu na kuzifunga kamera za kila aina, na karibu kila tuliponunua vibaya kosa lilianzia hapo: tulinunua namba iliyoandikwa kwenye boksi badala ya kupima karatasi.

Kitabu cha kawaida kilichopigwa chapa kinataka pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Chini ya hapo programu za kusoma herufi, kama Tesseract ambayo inakijua Kiswahili, zinaanza kuchanganya "c" na "e", "l" na "i", na utakaa kusahihisha kwa mkono mpaka uchoke. Ukurasa wa A4 una urefu wa milimita 297. Ongeza sentimita moja na nusu kila upande, kwa sababu hakuna kitabu kinachokaa palepale kila unapofunua, na urefu unafika kama milimita 330, yaani inchi 13. Kamera ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Gawanya 4000 kwa 13, unapata 307. Inatosha. Kwa kitabu cha A5, ambacho ndicho kipimo cha riwaya nyingi na vitabu vingi vya shule, hata megapikseli 8 zinatosha: pikseli 3264 kwa inchi tisa na nusu ni zaidi ya 340. Daniel Reetz wa Marekani, ambaye mwongozo wake wa mwaka 2009 ndio uliowafanya watu wengi waanze kujenga skana hizi, alitumia Canon A590 mbili za megapikseli 8 kila moja, na kazi ikaonekana.

Umbo la picha nalo lina hesabu yake. Kamera ndogo za mfukoni hupiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3, ambao unakaribiana na ukurasa. Kamera kubwa za lenzi ya kubadilisha nyingi hupiga 3 kwa 2, ndefu na nyembamba zaidi, kwa hiyo upana wa ukurasa ndio unaobana na sehemu ya pikseli za urefu inapotea juu na chini. Kamera ya megapikseli 24 kwenye A4 itakupa kama 420 kwa inchi ukiacha nafasi ileile pembeni. Kwenye gazeti la A3 itakupa 310 tu, yaani umefika ukingoni.

Hati za mkono zina sheria nyingine. Pwani yetu ina maandishi mengi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mengine yako majumbani mwa watu, na humo maana inakaa kwenye nukta. Nukta moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the. Katika mwandiko mdogo nukta inaweza kuwa na upana wa nusu milimita. Kwa pikseli 300 kwa inchi, nukta hiyo inapata pikseli sita. Kwa 150 inapata tatu, na nukta tatu zilizobanana zinageuka doa moja. Kwa kazi hiyo lenga 400, na upige kwa rangi, kwa maana wino mwekundu wa vichwa na alama ukipigwa kwa kijivu hautofautiani na mweusi uliofifia.

Sasa, pikseli zilizoandikwa na pikseli zinazofanya kazi ni vitu viwili. Simu ya "megapikseli 50" kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 na kidogo. Ukiilazimisha itoe zote 50, faili linakuwa zito lakini herufi haziongezeki ukali kwa kiasi hicho. Njia ya kujua ni moja: laza rula ya milimita mahali ukurasa utakapokaa, piga, fungua picha kwenye kompyuta, hesabu pikseli kati ya sifuri na milimita 100. Ukipata 1,220, gawanya kwa 100 kisha zidisha kwa 25.4. Hiyo ni 310. Kisha badala ya rula weka ukurasa wa matangazo madogo ya gazeti, upige, ukuze pembe zote nne na katikati. Kamera nyingi za bei nafuu ni kali katikati na zinalegea pembeni, hasa pembe moja kuliko nyingine. Hiyo maana yake lenzi imekaa upande, na hakuna mpangilio utakaoirekebisha.

Yote hayo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayoamua kama utaipenda skana yako au utaitupa stoo: je, kamera inafungika? Kwa kufungika tunamaanisha kwamba fokasi, mwanga, rangi na zumu vitabaki vilevile kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mia tatu bila kamera kujiamulia. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, ukurasa wenye maandishi mengi huonekana kwake kuwa mweusi, basi inaung'arisha. Ukurasa wa mwisho wa sura, ulio mtupu nusu, huonekana mweupe mno, basi inautia giza. Karatasi ya njano inayeyushwa kuwa nyeupe hapa na kurudi njano pale. Fokasi nayo kwenye ukurasa mtupu haina cha kushika, inatangatanga, na unapata picha yenye ukungu hasa kwenye kurasa za mwanzo zenye jina la kitabu na mchapishaji, zile usizotaka kabisa kuzikosa.

Kwa hiyo unaposhika kamera dukani, usiulize megapikseli. Tafuta herufi M kwenye gurudumu la juu au ndani ya menyu, na ujaribu mambo manne. Unaweza kuweka kwa mkono muda wa shata, yaani muda ambao mwanga unaingia, na tundu la lenzi? Unaweza kuweka ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, iwe 100 ikabaki? Unaweza kuipima rangi nyeupe kwa kuipiga karatasi na kuihifadhi? Unaweza kuzima fokasi ya yenyewe? Kamera ikifaulu yote manne, endelea. Ikishindwa moja, uwe na njia ya kuizunguka. Ikishindwa tatu, irudishe mezani hata kama ni bei ya kutupa.

Njia mashuhuri ya kuzunguka ni CHDK, programu ya bure inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera ndogo za Canon na kuziongezea uwezo ambao kiwanda hakikuziwekea. Haibadilishi chochote ndani ya kamera; ukitoa kadi, kamera inarudi kama ilivyokuwa. Lakini haifanyi kazi kwa kila Canon, na hata modeli moja ina matoleo tofauti ya programu ya ndani, mfano 1.00c na 1.01a, ambayo kila moja inataka CHDK yake. Kujua toleo, unda faili tupu kwenye kadi uliite ver.req, iwashe kamera upande wa kutazama picha, kisha shikilia kitufe cha katikati na ubonyeze DISP. Toleo litaonekana kwenye kioo. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Jambo linalowachanganya wengi ni kile kiswichi kidogo cha kufunga kadi: ili CHDK ijiwashe yenyewe, kadi lazima iwe imefungwa, na bado picha zitaandikwa. Kamera za zamani zinasumbua na kadi kubwa; kadi ya GB 4 inakutosha kwa kitabu kizima na haina maneno.

Faida kubwa ya CHDK ni kupiga bila kugusa. Kidole kikibonyeza kamera iliyoning'inia kwenye mkono wa mbao, mkono unatikisika, na kwa shata ya moja ya hamsini ya sekunde mtikisiko huo unaonekana kwenye herufi. CHDK inaweza kusikia umeme kwenye tundu la USB: ukiupeleka kamera inajiandaa, ukiukata inapiga. Katika waya wa USB unahitaji nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Betri tatu za AA zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 4.5, na kwenye kamera tulizotumia zimetosha. Gawa nyaya hizo kwa kamera mbili, weka kitufe kimoja katikati, na kamera zote zinapiga pamoja. Kitufe cha breki ya baiskeli au cha mguu ni kizuri zaidi kuliko cha mkono, kwa sababu mikono yote miwili iko kwenye kitabu.

Ukiwa na kamera kubwa ya lenzi ya kubadilisha, huhitaji hayo. Programu ya gphoto2 kwenye Linux inazijua kamera nyingi za Canon na Nikon. Waya wa kawaida wa USB unaingia kwenye kompyuta, amri moja inapiga na kuileta picha moja kwa moja kwenye diski. Kamera mbili za modeli moja zitaonekana zenye jina moja, na namba ya tundu la USB hubadilika kila unapochomoa. Zitofautishe kwa namba ya utambulisho (serial number) iliyomo ndani ya kamera, la sivyo siku moja kurasa za kulia zitaingia kwenye folda ya kushoto na hutagundua mpaka ufike mwisho wa kitabu.

Tumesema kamera mbili, na ni vizuri kueleza kwa nini. Skana inayolinda kitabu haikifungui kikalala bapa; inakipumzisha kwenye kitako chenye umbo la V cha nyuzi 90 hadi 100, kama msahafu unavyokaa kwenye marufaa. Kioo cha V kinashuka juu yake kunyoosha kurasa, na kila ukurasa unatazamwa na kamera yake, ya kushoto ikitazama ukurasa wa kulia. Kamera moja inaweza kufanya kazi hiyo kwa kupiga kurasa za kulia zote, kisha kugeuza kitabu na kupiga za kushoto, lakini muda unakuwa mara mbili na kitabu kinashikwa mara mbili. Kwa kamera mbili, ukichukua sekunde 8 kila unapofunua, ni kurasa 900 kwa saa. Ziwe modeli moja, na ikiwezekana toleo moja. Kamera mbili tofauti zina rangi tofauti na ukali tofauti, na kitabu kitasomeka kama kimeshonwa kutoka vitabu viwili. Ukipata tatu zinazofanana kwa bei nzuri, chukua zote tatu, maana modeli ikishatoka sokoni, ya kufanana na iliyoharibika utaitafuta mwaka mzima.

Lenzi inaamua urefu wa mikono ya skana yako, kwa hiyo iamue kabla ya kukata mbao. Kamera ndogo ikiwa haijavutwa zumu inaona upana mkubwa, na ili A4 ijae inabidi ikae kama sentimita 25 tu kutoka kwenye karatasi. Hapo inajitia kivuli yenyewe, na mistari ya pembeni inapinda kama pipa. Ivute mpaka umbali ufike sentimita 60 hadi 80. Usiivute hadi mwisho, kwa sababu zumu ya kamera ndogo inapofika mwisho tundu la lenzi huwa dogo mno kwa kihisi (kile kibao cha ndani kinachopokea picha) kidogo namna hiyo, na picha nzima inapoteza ukali kidogo hata fokasi ikiwa sawasawa. Kwa kamera kubwa yenye kihisi cha milimita 22, lenzi ya milimita 35 inakaa kama sentimita 60, na ya milimita 50 inakaa karibu sentimita 85. Weka tundu kwenye f/8. Lenzi za zumu zinazokuja na kamera, zikielekea chini, zinaweza kuteleza zenyewe taratibu kwa uzito wake. Picha ya kwanza na ya mia zitakuwa na vipimo viwili. Ukishapanga, zungushia utepe wa kitambaa usioacha gundi.

Kamera lazima itazame ukurasa kwa nyuzi 90 kamili, siyo kwa kukadiria macho. Weka kioo kidogo cha kujitazamia, bapa juu ya kioo cha skana, katikati ya ukurasa. Tazama kupitia kamera. Ukiiona lenzi ikijitazama yenyewe katikati kabisa ya picha, umefika. Ikiwa imekaa juu au pembeni, sogeza mpaka irudi katikati, kisha kaza skurubu na ujaribu tena, kwa sababu kukaza kwenyewe kunasogeza. Hakuna kifaa cha bei kubwa kinachofanya kazi hii vizuri zaidi ya hicho kioo.

Mwanga tuutaje kwa ufupi, kwa vile mara nyingi lawama zake huangukia kamera. Usitumie fleshi, kioo kinairudisha kwenye lenzi. Taa za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa 50 Hz, na shata ikiwa ya haraka, kama moja ya mia mbili, utaona mistari ya giza ikipita kwenye kurasa na utadhani kihisi kimekufa. Tumia moja ya hamsini au moja ya ishirini na tano. Ukurasa umetulia, hakuna haraka.

Kamera nyingi zitakuwa za mtumba, na Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja adui wa kwanza ni unyevu. Washa tochi ya simu, imulike ndani ya lenzi kwa mshazari, na utazame kutoka mbele. Vumbi dogo si kitu. Nyuzi nyeupe zinazojitanda kama utando wa buibui ni kuvu. Zinakula rangi ya kinga ya lenzi, zinafanya maandishi yaonekane kama yana moshi, na kusafisha lenzi kwa ndani kunaweza kugharimu kuliko kamera yenyewe. Sikiliza zumu ikitoka: mlio wa kusaga ni mchanga ndani ya meno. Kwa kamera kubwa uliza imepiga picha ngapi, maana shata ina umri. Kitabu cha kurasa 300 ni picha 150 kwa kila kamera, vitabu 100 ni 15,000. Kamera iliyokwisha kupiga harusi za miaka mitano inaweza kuwa imekwisha kupita sehemu kubwa ya umri wake. Mwisho piga picha 20 mfululizo za ukurasa uleule bila kubadilisha kitu, uzitazame pamoja. Zikitofautiana mwanga, iache.

Umeme nao. Kamera ndogo inapozimika, lenzi inajirudisha ndani, na ikiwashwa zumu na fokasi vimesahau kila kitu; unaanza kupanga upya katikati ya sura. Betri ya ndani haifiki mbali ukiacha kioo cha kamera kikiwaka muda wote. Tafuta modeli inayokubali betri bandia, ile yenye umbo la betri na waya unaokwenda kwenye adapta. Hakikisha volti ni zilezile zilizoandikwa kwenye betri halisi. Umeme ukikatika ghafla lenzi ikiwa nje inaweza kukwama hapo, kwa hiyo weka adapta zote mbili kwenye kifaa kidogo cha akiba ya umeme (UPS), ambacho hata cha kuendeshea kompyuta kwa dakika kumi kinatosha kuzima kwa utaratibu.

Je, simu? Kwa kuanza, na kwa kitabu kimoja, ndiyo. Programu ya Open Camera kwenye Android, simu yenyewe ikikubali, inakuruhusu kufunga fokasi, ISO na rangi, na hiyo pekee inaiinua juu ya kamera nyingi ndogo. Tabu ya simu ni kwamba lenzi yake ni pana, haivutiki, na simu nyingi zinalainisha na kunoa picha zenyewe, kazi inayopendeza kwenye sura za watu lakini kwenye maandishi inazungushia kila herufi mstari mweupe. Kamera ya HQ ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), iliyotoka mwaka 2020, ni chaguo tunalolipenda kwa wanaopenda kuunda: ina pikseli 4056 kwa 3040, haina chochote cha kujiamulia usichokitaka, na lenzi ya milimita 16 inaiweka sentimita 85 kutoka kwenye A4, fokasi ikiwa imefungwa kwa skurubu. Kamera za wavuti za kompyuta ziache. Pikseli 1920 kwa inchi 13 ni 148, na tumekwisha kuona nukta tatu zinavyokuwa hapo.

Kwenye menyu zima kimoja kimoja: kupunguza mtikisiko, zumu ya kidijitali, kuchapa tarehe, kujizima, na kile cha kugeuza picha kulingana na ilivyoshikwa. Cha mwisho kinasahaulika na kinaumiza. Kamera iliyoelekea chini haijui juu ni wapi, kwa hiyo inageuza baadhi ya picha na kuacha nyingine, na programu ya kukata kurasa kama ScanTailor itakupa kazi ya kuzigeuza mojamoja. Piga JPEG ya ubora wa juu kabisa kwa vitabu vilivyochapwa. Kurasa 300 zitakula zaidi kidogo ya GB 1. Umbo ghafi (RAW) liache kwa ajili ya hati za mkono, ambapo kitabu hichohicho kinaweza kufika GB 8.

Na kabla ya ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, piga picha moja ya rula na karatasi ya kijivu kwa kamera zote mbili, uiache iwe picha namba moja kwenye kila folda. Ukimaliza, folda zote mbili ziwe na idadi sawa ya picha. Zisipolingana, usikiondoe kitabu kwenye kitako. Fungua katikati, tazama namba za kurasa, nusu baada ya nusu, mpaka upate palipoachana. Kwa picha 150 unapapata kwa kutazama mara saba au nane, na unapiga ukurasa mmoja uliokosekana wakati kitabu bado kiko palepale.